Kamera ya dashibodi isikulaze njiani

Wenye magari ya umeme, hili limenikuta. Fundi aliniungia kamera ya dashibodi kwenye fyuzi yenye umeme muda wote, ili irekodi hata gari likiwa limeegeshwa. Siku ya tatu asubuhi nabonyeza kitufe, kimya. Hata mlango niliufungua kwa ufunguo wa chuma. Betri kubwa ilikuwa na asilimia 80, lakini kamera, kama taa na redio, hula betri ndogo ya volti 12, na bila hiyo ndogo gari haliamki. Gari likaamshwa na jirani mwenye Probox ya petroli, kwa betri yake. Alicheka mpaka akakaa chini.

Basi ukitaka irekodi usiku, nunua waya wenye kifaa cha kukata umeme betri ikishuka, uuseti volti 12.2 au zaidi. 11.8 umeshachelewa. Unaegesha ndani ya geti? Iunge kwenye fyuzi inayozimika pamoja na gari, yaishe.

Kwa joto la Dar, chagua kamera yenye kapasita, kijifaa cha kutunza umeme kidogo, badala ya betri. Zile zenye betri ya lithiamu ndani huweza kuvimba pale kiooni. Memori kadi iwe ya kustahimili kurekodi mfululizo, uifomati kwenye kamera yenyewe kila mwezi. Na mara moja moja fungua video, uone kama namba ya gari la mbele inasomeka. Yangu ilikuwa imeacha kurekodi wiki mbili nzima, taa yake ndogo inawaka tu.