Kulala porini na gari huku kusini: Msimbati, Rondo na kwingineko

Watu wakitoka Dar na gari zao za fowili (zinazovuta tairi zote nne), wakishavuka tu daraja la Mkapa pale Rufiji wanadhani mbele ni pori tupu, unapaki popote unafunga tenti. Thubutu. Huo mkorosho wenye kivuli kizuri una mwenyewe, na mwezi wa sita wa saba unapulizwa salfa, dawa ya unga ya korosho, lala chini yake uone macho yatakavyowasha asubuhi na mwenye shamba kasimama anakuuliza umetokea wapi.

Kwa hiyo kwanza jua ardhi ni ya nani. Kule Mtwara, Ghuba ya Mnazi mpaka maingilio ya mto Ruvuma, Msimbati ikiwemo, ni hifadhi ya bahari tangu 2000 na kiingilio kipo. Msitu wa Rondo kule Lindi uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Lukwika-Lumesule, Nanyumbu, ni pori la akiba, hapo ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na tembo wapo kwa hiyo hulali ovyo ovyo. Kote huko omba kontroli namba (namba ya kulipia serikalini), usimpe mtu keshi mkononi hata akiwa na yunifomu. Nje ya hifadhi mara nyingi ni ardhi ya kijiji: nenda kwa mtendaji au mwenyekiti, shikamoo kwanza, sema mko wangapi na mnaondoka lini. Wakikupa kijana wa kuwaonyesha njia mchukueni, na mlipeni vizuri.

Sasa Msimbati, maana ndo watu wanakokwama. Ule mchanga hautaki tairi ngumu. Kama una psi 35 shusha mpaka 18 hivi, KABLA hujaingia, na gia ya fowili iwe imeshaingia. Ukiona gari inazama usikanyage mafuta, unajichimbia kaburi tu, shuka uondoe mchanga mbele na nyuma ya tairi zote nne, punguza upepo kidogo tena, jaribu kurudi nyuma kwa njia uliyojia. Beba chepe na pampu, kurudi lami na tairi laini vile ni kuiua. Alafu uliza wavuvi kuhusu maji, mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, yanapanda juu kweli na ukiacha gari ufukweni ukaenda kula samaki, maji hayakusubiri wewe.

Endesha kwenye mchanga mgumu uliolowa, usipande kule juu kwenye mchanga mkavu karibu na majani, kasa wanataga huko. Ukiona alama kama ya trekta imetoka baharini, zunguka mbali. Usiku uzime taa za gari na za kambi, vifaranga vinafuata mwanga vinapotea badala ya kwenda baharini.

Kuni nunua kijijini, usikate mikoko wala usiguse miti ya Rondo, wale komba wadogo wa huko hawana misitu mingi iliyobaki. Kiangazi nyasi zinashika haraka, kwa hiyo mimi napika na gesi tu, yaliyobaki ni mbwembwe. Choo chimba shimo sentimita 15 hadi 20, mbali na maji, fukia. Taka zote kwenye kiroba mpaka mjini, pampasi za watoto pia jamani. Mto Ruvuma usioge wala usichote maji gizani, kuna mamba.

Nenda Juni mpaka Oktoba. Mvua zikianza Desemba, barabara za udongo mwekundu za kupanda Rondo zinateleza vibaya, ukikuta imenyesha subiri ikauke hata kama ni siku nzima, ukilazimisha unaacha mitaro ambayo bodaboda wa kijiji ndo wanaangukia.