Ukitaka kuijua mipango miji ya halmashauri, anza na jalada moja

Wengi wakitaka kujifunza mipango miji wanakimbilia programu kwanza. Mtu anadaunilodi QGIS, programu ya kutengeneza ramani, anaangalia video tatu nne, anajifunza kupaka rangi ramani mpaka inapendeza, alafu anaona keshaiva. Siku akiingia ofisi ya halmashauri kwa mafunzo ya vitendo anaulizwa swali dogo tu, kwa nini kile kiwanja pale kona kina kituo cha mafuta wakati kwenye mchoro kimeandikwa makazi, anakosa pa kuanzia. Na hawezi kupata jibu kwenye ramani hata aikuze vipi, maana jibu liko masijala, ndani ya jalada lenye barua, michoro, risiti, maoni ya idara na muhtasari wa kikao.

Kwa hiyo mi ninachomwambia kila anayeniuliza ni hiki: chukua uamuzi mmoja ambao halmashauri imeshaufanya, ufuate kuanzia barua ya kwanza mpaka kilichojengwa, na kila unachosoma au programu unayojifunza iwe ni kwa sababu hilo jalada limekufikisha hapo. Itakuchukua wiki sita mpaka nane ukienda taratibu, ila utatoka unajua kazi inavyokwenda.

Kuchagua jalada

Chukua ombi la kubadili matumizi ya kiwanja, au la kugawa kiwanja kikubwa kuwa vidogo. Hayo mawili yanapita mikononi mwa watu wengi kwa hiyo yanafundisha zaidi. Kibali cha kujenga nyumba ya kawaida nacho kinafaa ila mara nyingi kinaishia kwa watu wachache na utajifunza kidogo. Jalada liwe limeshafungwa, liwe la miaka miwili mpaka mitano nyuma, na lisiwe na kesi. Likiwa na kesi hawatakupa, na hata wakikupa kila mtu atakujibu kwa kujilinda, utapoteza muda wako na wao.

Unapoomba andika barua, ambatanisha utambulisho wa chuo au wa taasisi yako, na utaje unachotaka kwa umahususi. Ukiandika "naomba taarifa za mipango miji" barua inalala hapo, lakini ukiandika kwamba unaomba kusoma jalada moja la mabadiliko ya matumizi lililokamilika, na kwamba hutanakili majina ya waombaji wala namba zao, afisa anajua cha kukujibu. Na hiyo ahadi ya majina uitimize kweli, kwenye daftari lako andika mwombaji, jirani wa kwanza, jirani wa pili, basi.

Kitu kingine, waheshimu sana watu wa masijala. Afisa mipango anahamishwa anakuja mwingine, ila yule mama wa masijala yupo miaka yote, anajua jalada gani liligawanywa mara mbili na lipi liliunganishwa na la kiwanja cha jirani. Nusu ya nilichokijua mwanzoni nilifundishwa na watu wa masijala na wala hawakuwa na cheo cha kufundisha.

Kulisoma

Usianze na michoro, anza na tarehe. Chora mstari kwenye karatasi, kila barua iwekee siku iliyoandikwa na siku iliyopokelewa (muhuri wa mapokezi upo), alafu hesabu siku katikati. Utaona jalada limekaa siku 4 kwa mpima, siku 9 kwa mazingira, alafu siku 120 mahali fulani. Hapo penye 120 ndo pa kuuliza, kwa upole. Saa ingine jibu ni kwamba kamati haikukaa kwa sababu hela ya vikao haikuwepo, saa ingine idara ya maji ilisubiri mtu aende kuangalia bomba kuu linapita wapi, na hayo hayaandikwi kwenye vitabu vya darasani lakini ndo yanayoamua mji unakuwaje.

Baada ya tarehe jiulize nani alifanya nini. Nani aliomba, nani alikagua, nani alishauri na nani aliamua, na hayo mawili ya mwisho usiyachanganye. Sehemu nyingi duniani mtaalamu anashauri na kamati ya madiwani au baraza ndo linaamua, kwa hiyo unaweza kukuta ukurasa mzima wa afisa akieleza kwa nini ombi lisikubaliwe, na ukurasa unaofuata limekubaliwa. Usikimbilie kusema rushwa. Inaweza kuwa hiyo, ila inaweza pia kuwa madiwani walikuwa na taarifa ambayo mtaalamu hakuwa nayo, mfano wakazi wenyewe walikuwa wanataka hiyo huduma. Soma muhtasari wa kikao mpaka mwisho ndo useme.

Sheria nayo isome kwa njia hiyohiyo. Ukianza kifungu cha kwanza mpaka cha mwisho utalala ukurasa wa kumi. Kila barua rasmi inataja kifungu, nenda kwenye hicho, kisome, alafu uliza kilitungwa kuzuia nini. Kanuni karibu zote za mipango zina kero nyuma yake. New York mwaka 1915 lilikamilika jengo la Equitable, limepanda wima kutoka mpaka wa barabara na kuutupia mtaa kivuli kikubwa, mwaka uliofuata, 1916, jiji likapitisha kanuni zilizogawa matumizi kwa kanda na kulazimisha majengo marefu yarudi nyuma kadiri yanavyopanda. Ukijua hivyo, zile namba za umbali wa kuacha kutoka mpakani unaacha kuzikariri, unazielewa: mwanga, hewa, moto, gari la zimamoto kupita.

Nenda site na mchoro mkononi

Patrick Geddes, Mskoti aliyetoka kwenye biolojia akaingia kwenye miji, alisisitiza kupima na kuchunguza kabla ya kupanga, na mpaka leo ukiruka hatua hiyo inaonekana. Chukua mchoro ulioidhinishwa, tepu ya mita 30, na mtu wa kukushikia upande wa pili. Pima hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ile iliyoandikwa mita 15 iko ngapi kweli? Tafuta bikoni, yale mawe ya mpaka yaliyowekwa na mpima. Angalia mtaro uko wapi na maji yanaenda wapi mvua ikinyesha, na kama unaweza rudi siku ya mvua yenyewe, siku moja ya mvua inafundisha kuliko ripoti. Ongea na majirani, waulize kama waliona tangazo la mabadiliko, lilibandikwa wapi, na kwa lugha wanayoisoma?

Utakuta mchoro na ardhi haviendani, na usidhani ni kwenu tu. Barcelona, mpango wa Ildefons Cerdà wa mwaka 1859 ulichora vitalu vya mraba wa kama mita 113 kila upande, pembe zimekatwa ili watu na magari waonane kwenye makutano, na majengo yalikusudiwa kukaa pande mbili tu, katikati iwe bustani. Wenye viwanja wakajenga pande zote nne, alafu wakajaza na katikati. Mtandao wa barabara ulibaki kama ulivyochorwa, bustani nyingi hazikubaki. Jiulize kwa nini kimoja kilidumu na kingine kikaliwa, alafu lirudishe hilo swali kwenye kiwanja chako, nani alikuwa na faida ya kujaza na nani alikuwa na kazi ya kuzuia.

Sasa teknolojia

Hapa ndo ufungue kompyuta, maana sasa una swali. QGIS ni ya bure, ipo tangu 2002 na inatosha kwa karibu kila utakachohitaji. Data ya kuanzia ichukue OpenStreetMap, mradi ulioanza 2004, watu wenyewe wanachora barabara na majengo ya kwao. Weka kiwanja chako, weka barabara, mto, shule, alafu uulize kitu kimoja tu, mfano watoto wa hapa wanatembea umbali gani kufika shule kwa kufuata barabara na sio kwa mstari ulionyooka. Ukilijibu hilo vizuri umejifunza zaidi ya aliyemaliza mafunzo ya kubofya.

Lakini kabla ya chochote jua mfumo wa majira (coordinates) ya ramani yako, yaani namba zinahesabiwa kutoka wapi. Hili nalisema kwa uchungu. Tulikuwa tunaweka mchoro wa zamani wa upimaji juu ya picha ya setilaiti, nyumba kama arobaini zikaonekana zimejengwa ndani ya hifadhi ya mto, na rasimu ya ripoti ikaandikwa hivyohivyo. Mzee mmoja mpima akaja akasimama nyuma yetu akauliza, "Kijana, hizi namba ni za mfumo gani?" Hatukuwa tumeuliza. Mchoro ulikuwa kwenye mfumo wa zamani wa nchi, picha iko kwenye WGS84, mfumo wa dunia nzima unaotumiwa na GPS, tofauti ikawa karibu mita 300. Nyumba zilikuwa mahali pake siku zote. Fikiria hiyo ripoti ingetoka, watu wangewekewa alama ya X kwenye kuta kwa kosa la bofya moja. Kwa hiyo ukipewa shapefile, ambayo ni mafaili kadhaa ya ramani yanayokwenda pamoja, kagua kama lile la .prj linalotaja mfumo wa majira limo, kama halimo uliza, usikisie. Na ukihifadhi ya kwako tumia GeoPackage, inakaa kwenye faili moja, haipotezi vipande njiani, na haikati majina ya safu kwenye herufi 10 kama shapefile.

Picha za setilaiti zinasaidia sana kuona mji ulivyotanuka. Landsat zinarudi nyuma mpaka 1972 na ni za bure tangu 2008, Sentinel-2 ni za kuanzia 2015 na punje moja ya picha ni mita 10 kwa 10. Sasa mita 10 kwa 10 ni mita za mraba 100, hiyo ni nyumba ndogo na uwanja wake, kwa hiyo hapo unaona mtaa umeota wapi ila huwezi kuhesabu nyumba, ukitaka kuhesabu utahitaji droni au picha za kulipia. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya anga, kila picha ifunike sehemu ya picha ya jirani kwa asilimia 70 mpaka 80, na uweke alama chini zilizopimwa, la sivyo ramani inatoka nzuri lakini imeteleza. GPS ya simu inakosea mita kadhaa, ni sawa kwa kuonyesha kisima kiko wapi, ila mpaka wa mtu usiuguse nayo kabisa. Dodoso la nyumba kwa nyumba tumia programu za simu kama KoboToolbox au ODK, zinakusanya hata bila mtandao.

Ukisikia mfumo mpya wa vibali kwa mtandao, rudi kwenye mstari wako wa tarehe. Uliza zile siku 120 mfumo umezigusa wapi. Kama kikwazo kilikuwa kamati haikai, fomu ya mtandaoni haitaikalisha. Toronto mwaka 2017 kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu wa Google, ilitangaza mtaa wa kidijitali wa ufukweni, ukafungwa Mei 2020, kampuni ikitaja hali ya uchumi, lakini muda wote huo wakazi walikuwa wanauliza data za watu zitakuwa za nani, na hilo ni swali la utawala, programu hailijibu.

Kikao na bajeti

Hudhuria kikao kimoja cha wazi. Sherry Arnstein, mwandishi wa Kimarekani, mwaka 1969 aliupanga ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi ya hatua nane, chini kabisa watu wanachezewa, katikati wanaambiwa na kuulizwa tu, juu wana mamlaka. Kaa nyuma, hesabu wananchi waliongea wangapi, na kuna neno lao lolote lililoingia kwenye muhtasari?

Alafu tafuta bajeti za miaka mitatu, uziweke pembeni ya mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa mji mzima (master plan). Barabara iliyochorwa bila kifungu cha fedha hata mwaka mmoja, iandikie alama. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja tu na karibu hakuna mwanafunzi anayeifanya, sielewi kwa nini.

Ukimaliza andika kurasa mbili, mpelekee afisa aliyekusaidia akusahihishe kwa kalamu nyekundu, na asikulainishie. Alafu omba jalada la pili, safari hii liwe la ombi lililokataliwa, mtaa uleule, mwaka uleule, uyalaze mezani yote mawili.