Notisi ya ukuta wa pamoja hapa England: namna ya kuiandika isirudi mkononi

Wiki tatu zilizopita nilikaa mezani na shemeji yangu kumsaidia kuandika notisi za majirani zake. Nyumba yake ni ya safu, zile za matofali zilizoshikana mtaa mzima huku mashariki mwa London. Anataka kujenga chumba darini na kusogeza jiko nyuma mita tatu. Kibali cha halmashauri anacho, michoro anayo, fundi keshapatikana. Akaniambia, "Shemeji, si tuanze tu? Jirani nimeshaongea naye, kasema hana neno."

Kuongea na jirani ni vizuri, tena anza na hilo. Lakini "sina neno" la mlangoni halitoshi. Kuna sheria inaitwa Party Wall etc. Act 1996, ilianza kutumika Julai 1997, nayo inataka karatasi. Haihusiani na kibali cha halmashauri wala na mkaguzi wa ujenzi. Unaweza kuwa na hivyo vyote viwili na bado ukawa huna ruhusa ya kutoboa ukuta unaochangia na mwenzako. Inahusu England na Wales tu. Walioko Scotland wana utaratibu mwingine, haya hayawahusu.

Hatua ya 1: Jua kama inakugusa

Inakugusa ukiingiza boriti ya chuma kwenye ukuta wa pamoja (chumba cha darini karibu lazima), ukiupandisha ukuta, ukiubomoa na kuujenga upya, ukiutia msingi zaidi kwa chini, au ukikata dohani la zamani lililoshikamana nao. Inakugusa pia ukijenga ukuta mpya kwenye mstari wa mpaka, na ukichimba karibu na jengo la jirani. Sakafu inayotenganisha fleti ya juu na ya chini nayo imo. Uzio wa mbao wa bustani haumo.

Kutundika rafu, kupiga plasta, kubadilisha soketi: endelea na kazi yako.

Hatua ya 2: Chagua notisi

Ziko tatu. Kazi kwenye ukuta wenyewe: miezi miwili kabla ya kuanza. Ukuta mpya mpakani: mwezi mmoja. Kuchimba: mwezi mmoja. Shemeji alihitaji ya kwanza kwa dari na ya tatu kwa jiko.

Hiyo ya kuchimba inawaponyoka wengi. Inakuhusu ukichimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani na shimo lako likashuka chini ya kitako cha msingi wake. Misingi ya nyumba hizi za zamani mara nyingi ni mifupi, mtaro wa mita moja tu unaweza kuipita. Kati ya mita 3 na 6 inakuhusu pia kama unachimba kwa kina kirefu: chora mstari unaoshuka kwa nyuzi 45 kutoka usawa wa kitako cha msingi wa jirani kuja upande wako, na msingi wako ukiukata mstari huo, andika notisi. Ambatanisha mchoro unaoonyesha mahali pa kuchimba na kina chake, na useme kama utaimarisha msingi wa jirani au la. Bila mchoro huo, notisi ya kuchimba ni karatasi tupu.

Mifano ya barua ipo bure kwenye kijitabu cha serikali, tovuti ya GOV.UK. Tumia hiyo. Kuna watu wanauza fomu hizohizo zikiwa na nembo ya kupendeza juu. Sijawahi kuona faida yake.

Hatua ya 3: Majina

Hapa ndipo niliumia mwenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Nilipotengeneza dari yangu miaka minane iliyopita, niliandika notisi nzuri tu. Tarehe ipo, maelezo ya kazi yapo, anwani zipo, sahihi yangu chini. Wiki ya saba, jukwaa la kupandia mafundi limeshalipiwa malipo ya awali, ikaja barua kutoka kwa sevea wa jirani. (Sevea wa hapa si yule mpima viwanja wa kwetu. Ni mtaalamu wa majengo anayeshughulikia kuta.) Barua ilikuwa na mistari minne. Nyumba imesajiliwa kwa majina mawili, langu na la mke wangu. Notisi ina jina moja. Kwa hiyo hakuna notisi.

Nilidhani ananitania. Mke wangu alikuwa jikoni, anajua kila kitu, boriti kachagua yeye! Nikamuuliza wakili, akanijibu kwamba mahakama ilishaliamua hilo tangu 1993, chini ya sheria ya zamani ya London: nyumba ikiwa na wamiliki wawili, notisi itoke kwa wote wawili. Miezi miwili ikaanza kuhesabiwa upya tangu siku ya kwanza. Fundi akaenda kwenye kazi nyingine, na aliporudi ilikuwa Novemba, paa liko wazi, mvua inanyesha.

Kwa hiyo kabla hujaandika hata tarehe, fanya hivi.

Toa nakala ya hati ya nyumba yako mwenyewe kwenye Masjala ya Ardhi, HM Land Registry. Pitia GOV.UK moja kwa moja, ni pauni 7. Ukiandika tu kwenye kisakuzi chako zitatangulia tovuti nyingine zinazofanana nayo, zinakuuzia karatasi ileile kwa bei mara kadhaa. Soma majina yalivyoandikwa, na uyaandike hivyohivyo kwenye notisi. Kama umesajiliwa Mohamed Said na kila mtu anakuita Mudi, notisi ni ya Mohamed Said. Wote mliomo kwenye hati mtie sahihi. Kama hati ina jina la kaka yako aliye Dar kwa sababu alikusaidia mkopo, naye ni mmiliki, jina lake liwemo.

Sasa upande wa jirani, na hapa ni kila jirani. Shemeji ana wawili. Kulia ni mama wa Kijamaika, mstaafu, nyumba yake mwenyewe. Tukadhani kwake ni rahisi. Tukatoa hati, tukakuta majina mawili: lake na la mwanawe anayeishi Leicester. Basi notisi mbili, moja ikaenda Leicester.

Kushoto ndiko kulikokuwa na vumbi. Nyumba imekatwa fleti mbili. Kijana wa chini tunamfahamu, huwa anasalimia. Juu kuna familia ya wapangaji. Shemeji alikuwa karibu kuwapelekea wapangaji notisi, nikamzuia. Sheria inamtambua kama mmiliki mtu anayepokea kodi na mtu mwenye mkataba wa kukaa unaozidi mwaka. Mpangaji wa miezi sita sita hayumo. Tukatoa hati ya kila fleti, kisha hati ya jengo zima. Majibu: kijana wa chini kweli ndiye aliyenunua fleti yake, kwa mkataba wa miaka 125. Fleti ya juu ni ya mtu anayeishi Birmingham. Na jengo na ardhi yake ni mali ya kampuni. Hao watatu wote ni wamiliki kwa sheria hii, kila mmoja anapata yake. Kampuni tuliitafuta kwenye masjala ya makampuni, kutafuta ni bure, tukaandika kwa katibu wake kwenye ofisi iliyosajiliwa.

Ukihesabu, nyumba mbili za jirani zimezaa notisi kwa watu watano. Hati tano kwa pauni 7 ni pauni 35. Linganisha na jukwaa langu.

Mambo madogo yanayouma hapohapo: Benki iliyomkopesha jirani haipelekewi notisi kwa sababu tu ya mkopo huo. Nyumba ya jirani ikiwa inauzwa na mnunuzi ameshasaini mkataba, mnunuzi huyo anahesabiwa mmiliki, kwa hiyo ukiona kibao cha kuuza, uliza. Na ukikuta hati ina jina la marehemu, au nyumba haijasajiliwa kabisa, usikwame: sheria inakuruhusu kuandika "The Owner" na anwani ya nyumba, kisha umkabidhi mtu aliyemo ndani, au kama hayupo, uibandike mahali panapoonekana. Mimi hubandika mlangoni na kupiga picha mlango mzima, namba ya nyumba ionekane.

Wapangaji wa juu hatukuwapa notisi, ila shemeji alipanda kuwaeleza. Wao ndio watakaosikia kelele za drili, na wana mtoto mchanga.

Hatua ya 4: Fikisha

Mkononi au kwa posta. Ukituma kwa posta, dirishani omba stakabadhi ya kutuma, hutolewa bure. Barua ya kusainiwa mimi siipendi: mtu akikataa kusaini, unarudishiwa bahasha na kuanza mabishano. Barua pepe inakubalika tangu 2016, iwapo mpokeaji amekubali kwanza kupokea kwa njia hiyo na kukupa anwani. WhatsApp ni ya kupeana salamu.

Hatua ya 5: Siku 14

Jirani ana siku 14 za kujibu. Akikubali kwa maandishi, huhitaji sevea. Akikataa, mna kile sheria inachokiita mgogoro, na neno hilo lisikutishe, maana yake ni kwamba masevea wanaingia. Akinyamaza, nako ni mgogoro, kwa notisi ya ukuta na ya kuchimba. Kwetu ukimya huhesabiwa kukubali. Hapa ni kinyume chake. Notisi ya ukuta mpya ina tabia yake: ukitaka kuujenga ukae katikati ya mpaka na jirani asikubali, unaujenga kwako, kwa gharama yako.

Siku 14 zikipita kimya, andika barua ya pili ukimtaka ateue sevea ndani ya siku 10. Zikipita nazo, una haki ya kumteulia. Hapo asiwe yule sevea wako mwenyewe, awe mwingine.

Jirani akikubali, bado piga picha. Ingia kwake kwa ruhusa, kila chumba kinachogusa ukuta, kona za dari, juu ya madirisha. Kwa yule mama wa Kijamaika tulikuta ufa unaoshuka kutoka kona ya dirisha la ngazini, mwembamba, umeshapakwa rangi juu yake. Tukaweka sarafu ya pauni moja pembeni, tukapiga picha karibu na mbali, na yeye akapiga kwa simu yake. Alicheka akasema ufa ule ni mkubwa kwa umri kuliko mwanawe.

Hatua ya 6: Sevea

Mnaweza kukubaliana sevea mmoja wa wote, au kila mmoja akateua wake, na hao wawili wakachagua wa tatu wa kuamua wakishindwana. Napendelea mmoja, kila mara. Kwa kawaida anayejenga ndiye anayelipa, hata sevea wa jirani, kwa hiyo wawili ni gharama juu ya gharama. Sevea akishateuliwa hawi mtu wako: hupaswi kumtuma akutetee, na huwezi kumfukuza. Wala huwezi kujiteua mwenyewe, hata ukiwa injinia.

Mtahadharishe jirani yako: wako masevea wanaofuatilia maombi ya vibali na kuwaandikia majirani kabla hujabisha hodi. Ndiyo maana nikasema anza kwa kuongea.

Hatua ya 7: Hati ya uamuzi, kisha kazi

Masevea watatoa hati inayosema kazi ifanyike vipi, saa zipi, na hali ya ukuta ilivyokuwa. Asiyeridhika ana siku 14 kukata rufaa mahakama ya kaunti. Ukihitaji kuingia kwa jirani kufanya kazi, toa taarifa ya siku 14, isipokuwa dharura. Ukiharibu, unalipa. Anza ndani ya miezi 12 tangu notisi, la sivyo unaandika upya.

Fundi mmoja alinirushia hoja ya hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya 2023: asiyetoa notisi kabisa, masevea hawana mamlaka juu yake. Kweli, imesema hivyo. Ila ina maana umeingia kwenye ukuta wa mtu bila haki yoyote ambayo sheria ingekupa, na jirani anakwenda mahakamani kawaida kuomba zuio, ukuta uko wazi na mafundi wanadai siku zao. Na siku ya kuuza, wakili wa mnunuzi ataulizia karatasi hizo.

Notisi za shemeji zilitimiza siku 14 Jumanne. Mama na mwanawe wamekubali, kijana wa chini kakubali, kampuni imeomba sevea wake. Wa Birmingham kimya. Barua yake ya siku 10 iko mezani kwa shemeji, inamsubiri dada yangu, mkewe, arudi kutoka zamu ya usiku atie sahihi naye.