Kupima mkunjo wa goti mtu akitembea, kwa vihisi viwili na mikanda miwili

Mpwa wangu ni fundi redio pale Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12. Mwezi uliopita alikuja na bibi yake mzaa baba, ambaye goti lake la kulia limekuwa zito tangu aanguke kisimani. "Shikamoo mjomba. Bibi akilala kitandani goti linakunjika vizuri. Mbona akitembea anaburuta mguu?"

Swali hilo mimi kama mtu wa fiziotherapia nimelisikia miaka mingi. Goniometa (kipimo cha pembe za viungo) ya plastiki niliyonayo mfukoni hupima mtu aliyetulia. Goti linaloweza kukunjika nyuzi 110 kitandani huenda njiani lisifike 40, kwa maumivu, kwa woga au kwa misuli iliyolegea. Mtu mzima wa afya anapopeleka mguu mbele, goti lake hukunjika nyuzi 60 hivi, na bila mkunjo huo vidole hukwaruza chini. Ndiyo maana nilikaa na kijana huyu jioni tatu tukaandaa kipimo, na nakiandika hapa kwa yeyote mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani au kliniki.

Hatua ya 1: Vifaa

MPU-6050 mbili (hivi ndivyo vihisi: kila kimoja kina jairoskopu inayopima kasi ya kuzunguka, na akselerometa inayopima mchapuko na mvutano wa dunia), ESP32 moja (kompyuta ndogo ya kusoma vihisi), kisomaji cha kadi ya kumbukumbu, pawa benki ndogo, nyaya laini na mikanda mipana ya velkro. Kihisi kimoja pini yake ya AD0 iende kwenye hasi (anwani 0x68), cha pili iende kwenye chanya ya volti 3.3 (anwani 0x69), ili ESP32 ivitofautishe. Kulehemu sielezi, fundi yeyote anajua. Ila kwa hewa yetu ya chumvi pini zilizoachwa wazi huota kutu upesi, zifunike gundi ya moto.

Usinunue vihisi vyenye betri zake vinavyotuma data kwa bluetooth. Kila kimoja kina saa yake, na saa mbili hazikubaliani. Muundi unapopeperuka mbele huzunguka zaidi ya nyuzi 300 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 20 tu ni kosa la nyuzi 6. Waya hausumbui mgonjwa kama unavyodhani. Upitishe juu ya nguo, ufunge ESP32 kiunoni.

Usiongeze magnetometa (kihisi cha dira) pia, hata ukiambiwa inaondoa matatizo yote. Sakafu za zege zina nondo, vitanda vya kliniki ni vya chuma, na hapa Tanga kila ukuta umeegemezwa baiskeli. Dira itayumba kila hatua tatu.

Hatua ya 2: Mipangilio

Chipu ikipata umeme huwa imelala. Andika 0 kwenye rejista 0x6B (sehemu ya mipangilio ndani ya chipu) iamke. Kisha badilisha vipimo vya kiwandani. Nyuzi 250 kwa sekunde na 2g (mara mbili ya mvutano wa dunia) ni vidogo kwa mwendo wa mguu, grafu itakatwa vichwa. Mimi naweka 1000 na 8g. Sampuli 100 kwa sekunde zinatosha. Basi ya I2C, yaani nyaya za mawasiliano kati ya vihisi na ESP32, iache kwenye kilohezi 100, maana waya mrefu wa kufika muundini haupendi 400.

Hatua ya 3: Kufunga

Cha chini kikae kwenye ubapa wa mfupa wa muundi, upande wa ndani, ambako ngozi imeshikana na mfupa. Cha juu kikae upande wa nje wa paja, chini ya katikati, mbali na nyama ya mbele inayotikisika. Futa jasho kwanza. Kwa akina mama, kifungwe na mwanamke mwenzao au ndugu yao, faraghani, na suruali laini ivaliwe chini ya kanga. Bibi yetu alifungwa na mke wangu.

Hatua ya 4: Kosa la kusimama

Jairoskopu haisomi sifuri hata ikiwa imetulia. Kosa la nusu nyuzi kwa sekunde likijumlishwa kwa dakika moja ni nyuzi 30. Washa kifaa dakika kumi mapema kipate joto, mgonjwa asimame kimya sekunde 20, chukua wastani wa kila mhimili, utoe kwenye data yote.

Hatua ya 5: Kutafuta bawaba ya goti

Hapa ndipo jioni mbili kati ya zile tatu zilipoishia, kwa hiyo soma taratibu.

Goti hukunjika karibu kama bawaba ya mlango. Si bawaba kamili, kwani muundi nao hujizungusha kidogo, lakini kwa kutembea inatosha. Kihisi kilichofungwa muundini huiona bawaba hiyo ikielekea upande mmoja wa kisanduku chake, na upande huo haubadiliki alimradi mkanda haujateleza. Cha paja vivyo hivyo. Unatakiwa kuipata mielekeo hiyo miwili.

Wengi hujitahidi kufunga kisanduku kikae sawa, kisha huchukulia kwamba mhimili wa X ndio bawaba. Msifanye hivyo. Paja ni la mviringo tena linapungua kuelekea goti. Kisanduku hugeuka nyuzi 10 au 20 nawe ukiwa unakiangalia. Mwelekeo utokane na mwendo wenyewe.

Njia ninayoiamini ni ile waliyoieleza Thomas Seel, Jörg Raisch na Thomas Schauer wa Ujerumani mwaka 2014. Mzunguko wa paja na wa muundi hutofautiana kwa kile tu kinachofanyika kuzunguka bawaba. Ukiondoa sehemu inayolala sambamba na bawaba, kilichobaki kina ukubwa ule ule kwenye vihisi vyote viwili, sampuli kwa sampuli. Basi programu ijaribu mielekeo mpaka tofauti ya ukubwa huo iwe ndogo kabisa. Kila mwelekeo ni pembe mbili, jumla namba nne za kutafuta. Kwenye lugha ya Python, least_squares ya SciPy (maktaba ya hesabu) huzipata upesi. Anza kutoka sehemu kadhaa tofauti, uchukue jibu lenye kosa dogo kuliko yote.

Sasa mtego wenyewe. Tulimkalisha bibi ukingoni mwa kitanda, akakunja na kunyoosha goti mara kumi. Mwelekeo wa muundi ulitoka safi, wa paja ukatoka tofauti kila tulipoendesha programu. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha kihisi, tukakesha. Kumbe mtu akikaa, paja halisogei. Jairoskopu yake inasoma karibu sifuri, na mwelekeo wowote unakubalika. Programu haikuwa na kosa, ilikosa habari.

Dawa yake: mgonjwa asimame, ashike kiti imara, na wewe uwe ubavuni kwake. "Bibi, nyanyua goti mbele taratibu. Haya, upeleke mguu pembeni, uuzungushe kama unachora duara, huku ukikunja na kunyoosha." Sekunde 30 zinatosha, kisha ongeza hatua kadhaa za kutembea kwenye data hiyo hiyo. Akichoka, acha apumzike. Goti lililokaza sana halitoi jibu zuri, kwa hiyo lazima likunjike walau kidogo.

Bado kuna alama, yaani chanya au hasi. Mwelekeo na kinyume chake vyote ni sahihi kwa hesabu hii, hivyo kimoja kinaweza kuelekea kulia na kingine kushoto. Ukaguzi ni huu: mgonjwa apeperushe mguu mzima kutoka nyongani, goti likiwa limenyooka. Pembe ya goti inatakiwa kubaki karibu palepale. Ikipanda na kushuka pamoja na paja, geuza alama ya mwelekeo mmoja. Na mkanda ukiteleza kwa jasho, rudia hatua hii yote.

Hatua ya 6: Pembe

Chukua mzunguko wa muundi kuzunguka bawaba, toa wa paja, jumlisha kwa muda. Ili isipotee, ichanganye na pembe inayotoka kwenye akselerometa: 0.99 ya jairoskopu, 0.01 ya akselerometa. Watu wengi hutumia 0.98, kwangu kishindo cha kisigino huingia mno.

Hatua ya 7: Sifuri

Usiandike sifuri kwa sababu tu mgonjwa amesimama. Goti lililokaza halinyooki, nawe utakuwa umefuta ugonjwa wenyewe. Pima kwa goniometa akiwa amesimama, uingize namba hiyo. Ya bibi ilikuwa 8.

Hatua ya 8: Kutembea

Atembee mita kumi mara nne, kwa mwendo wake, bila kuharakishwa. Tupa hatua mbili za mwanzo na mbili za mwisho. Grafu ya goti lenye afya ina vilima viwili: kidogo cha nyuzi 15 hadi 20 baada ya kisigino kugusa, na kikubwa cha 60. Ukipata kilima kimoja au 90 hata kwenye goti lenye afya, rudi hatua ya 5.

Mguu wa kulia wa bibi haukuwa na kilima kidogo, na kikubwa kiliishia 37. Wa kushoto ulifika 55. Sasa anafanya mazoezi ya kuachia goti akiwa ameshika ukuta, na Jumamosi ijayo tunamfunga mikanda tena.