Maji Kuingia Kwenye Oili ya Injini ya Lori: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kufungua Hedi

Mara nyingi dalili huonekana asubuhi. Lori limepanda na shehena kutoka Nakuru, limelala Salgaa, na dereva anapochomoa dipstiki anakuta oili imepita alama ya juu au imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi akiitwa husema papo hapo kwamba gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) imekufa. Huenda ni kweli, lakini maji ya rejeta yana njia nyingi za kufika kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na kufungua hedi kwa kubahatisha ni gharama ambayo mwenye lori huilipa mara mbili.

Injini isiwashwe tena hata kwa kusogeza lori uani, kwa kuwa oili iliyochanganyika na maji haiwezi kubeba uzito wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) juu ya beringi zake. Isitoshe, ikiwa maji yamejaa ndani ya silinda, stata inaweza kupinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), kwani maji hayagandamiziki kama hewa. Krenki izungushwe kwa mkono, na ikikwama, injekta (vipulizia dizeli) zitolewe kwanza.

Hakikisha kwamba ni maji kweli. Povu jeupe chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi: kwenye baridi ya Timboroa au Molo, lori linalofanya safari fupi hupata mvuke uliogeuka maji hapo bila kuwa na kasoro. Dizeli nayo hupandisha kiwango cha oili, lakini huifanya iwe nyepesi na hunuka. Liache lori mahali tambarare usiku kucha, kisha legeza boliti ya sampu polepole bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yatatangulia kudondoka. Unaweza pia kudondosha tone la oili juu ya bati lenye moto mkali, ambapo oili yenye maji hutatarika. Isipotatarika usitangaze ushindi, kwa sababu joto la injini huweza kuvukiza maji na kuacha glaikoli, kimiminika kilichomo katika kulanti (maji ya rejeta yenye dawa); hapo sampuli ipelekwe maabara ikapimwe sodiamu na potasiamu, ambazo hutokana na dawa zilizomo katika kulanti.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi, nayo haihitaji hata spana. Rejeta ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko na uangalie maji. Injini inapofanya kazi, shinikizo la oili huzidi lile la maji, kwa hiyo penye ufa kwenye oili kula (kipozea oili, ambamo maji na oili hupita kila kimoja njia yake), oili husukumwa kuelekea majini. Injini ikizimwa, shinikizo la oili huisha mara moja ilhali maji ya moto hubaki na nguvu kwa muda, nayo hurudi upande wa oili. Ukikuta uchafu pande zote mbili, anza na oili kula: itoe, ziba matundu yake, itie hewa ya kompresa kwa kiasi, na uizamishe ndani ya karai la maji uone mapovu. Ikiwa rejeta ni safi na ni oili tu iliyoharibika, shuku zaidi oringi za laina (pete za mpira zinazozuia maji kuzunguka laina, yaani ganda la silinda). Mapovu yanayotoka kwenye rejeta mara tu injini ilipowashwa ikiwa baridi, kabla ya tatizo kufikia hapa, yangeelekeza kwenye gasketi au ufa wa hedi, ingawa kompresa ya breki inayopozwa kwa maji nayo huweza kupuliza hewa humo, na huo ni mtego uliowaponza mafundi wazuri.

Kinachoamua ni kipimo cha shinikizo. Mwaga oili, teremsha sampu, futa kila kitu kikauke, na utandaze katoni safi chini ya injini. Funga pampu ya kupimia kwenye shingo ya rejeta na upandishe shinikizo hadi kiasi kilichoandikwa juu ya mfuniko, ambacho mara nyingi ni karibu bari 1, usizidishe. Kisha subiri, hata saa kadhaa, ukimulika kwa tochi. Kumbuka kwamba oringi nyingine huvuja zikiwa baridi na ufa mwingine hufunguka kwa joto tu. Tone linalotoka nje ya laina, pale inapoingia kwenye bloku, ni la oringi. Likiteremka ndani ya laina kandokando ya pistoni, maji yanatoka juu, kwenye gasketi au hedi, au laina yenyewe imetobolewa. Likitokea kwenye beringi za krenki, maji yamepitia mifereji ya oili, nawe urudi kwenye oili kula. Likitoka mbele, upande wa gia, chunguza kompresa na pampu ya maji.

Kutobolewa kwa laina husababishwa sana na mazoea ya kujaza maji ya kisima au ya mto badala ya kulanti. Laina hutetema, vijipovu hupasuka juu ya chuma, na pasipo dawa ya kukikinga, chuma huliwa kidogo kidogo. Mfuniko uliolegea huongeza balaa: Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 96, lakini Timboroa, juu ya mita 2,700, huchemka karibu nyuzi 91.

Sampu ikiwa bado chini, fungua kofia ya beringi moja au mbili uangalie kama zimekwaruzika. Baada ya ukarabati, badilisha chujio, weka oili mpya, endesha injini kwa muda mfupi bila shehena, kisha umwage oili hiyo na kubadilisha chujio tena, kwa sababu utope wa glaikoli hauishi kwa safisho moja.