Kuweka diski ya terabaiti 3 ndani ya dikoda na kuitazama nyumba nzima

Mwezi uliopita nilikuwa Mamboleo, hapa Kisumu, kwa mwalimu mmoja mstaafu anayerekodi kila kitu: taarifa ya saa moja, mechi, mijadala ya bunge. Dikoda yake ni zile za Enigma2, programu ya dikoda inayoendeshwa juu ya mfumo wa Linux, na ndani yake kulikuwa na diski ya gigabaiti 500 iliyojaa pomoni. Kila Jumapili jioni alikaa na rimoti kufuta. "Kijana wangu," akaniambia, "nimechoka kuchagua nani afe." Alitaka diski ya terabaiti 3, arekodi sebuleni, atazame chumbani, na mama aangalie kwenye simu akiwa jikoni.

Kazi ya saa moja. Mimi ilinichukua siku mbili, na nitaonyesha ilikoponasia.

Hatua ya 1: Chagua diski

Pima nafasi iliyo ndani ya dikoda kabla ya kutoa pesa. Diski ndogo za inchi 2.5 zenye terabaiti 3 na kwenda juu huwa na unene wa milimita 15, na dikoda nyingine zimeachiwa milimita 9.5 tu. Ikiwa dikoda yako inapokea ile kubwa ya inchi 3.5, chukua hiyo. Usinunue ile ya nje ya USB kwa matumaini kwamba tundu la dikoda litaibeba: USB 2.0 hutoa miliampia 500, na diski inapoanza kuzunguka hutaka zaidi ya hapo. Utasikia inalia tik, tik, halafu kimya.

Ukubwa je? Chaneli ya HD inayokuja kwa megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6 kwa saa. Terabaiti 3 ni zaidi ya saa 800. Inamtosha hata Mwalimu.

Hatua ya 2: Ifunge ndani

Chomoa stima, fungua skrubu, unganisha nyaya mbili za SATA (ya data na ya umeme), kaza.

Hatua ya 3: Soma namba kabla hujafanya lolote

Hapa ndipo nilipopotelea.

Kabla ya kwenda Mamboleo, niliitia diski kwenye kesi yangu ya USB, yaani kasha la kuiunganisha diski na kompyuta, ya zamani lakini haijawahi kuniangusha, nikachomeka kwenye laptopu. Laptopu ikasema gigabaiti 746. Terabaiti 3 imekuwa 746! Nikapanda boda hadi mjini kwa aliyeniuzia, nikamwambia mbele ya wateja kwamba ananiuzia diski bandia. Akaichomeka kwenye mashine yake, ikasoma 2794, ambayo ndiyo terabaiti 3 kwa hesabu ya kompyuta. Akanigeuzia skrini bila kusema neno. Nikarudi nyumbani, kwenye laptopu yangu ikasoma 746 tena.

Usiku ndipo nilipochukua kalamu. 2794 toa 2048, unabaki na 746. Kumbe!

Iko hivi. Diski huhesabiwa kwa sekta, na kila sekta ni baiti 512. Kesi za zamani zina chipu inayohesabu sekta kwa biti 32, kwa hiyo mwisho wake ni sekta 4,294,967,296. Zidisha kwa 512 upate gigabaiti 2048 kwa hesabu ya kompyuta, ambazo ni terabaiti 2.2 kwa hesabu ya muuza diski. Ikipita hapo, hesabu inarudi sifuri na kuanza upya, kama mita ya Peugeot kuukuu iliyozunguka kilomita zake zote ikakuonyesha gari jipya. Diski ilikuwa nzima. Muongo alikuwa kesi yangu. Kesho yake nilimpelekea yule bwana soda, akainywa bila kunisamehe sana.

Sasa, usiseme "basi nitanunua kesi mpya." Baadhi ya kesi mpya zina ujanja mwingine: huiambia kompyuta kwamba kila sekta ni baiti 4096, ili diski kubwa ikubalike hata kwenye mifumo ya zamani. Ukifomati humo, ukajaza faili, kisha ukaihamishia ndani ya dikoda kwa SATA, dikoda itahesabu kwa 512, isielewe kitu, na kukuambia diski ni tupu. Watu hufomati tena hapo hapo kwa hasira na kupoteza kila kitu. Usifanye hivyo. Irudishe kwenye kesi ileile, faili zako zipo, zinakili kwingine kwanza.

Ndiyo maana mimi sasa nina msimamo mmoja: diski itakayokaa ndani ya dikoda ifomatiwe ndani ya dikoda. Kwenye laptopu, hapana. Wapo mafundi watakaokubishia, waache.

Kwa hiyo washa dikoda ikiwa na diski ndani, ingia ndani yake kwa SSH au Telnet, njia za kuiandikia dikoda amri kupitia mtandao, ukitumia laptopu (jina la kuingilia ni root), kisha andika:

cat /proc/partitions

Tafuta sda, jina ambalo Linux huipa diski ya kwanza. Kwa terabaiti 3 unataka namba inayoanzia 2930, tarakimu kumi, maana inahesabiwa kwa kilobaiti. Ukiona inayoanzia 782, tarakimu tisa, hiyo ndiyo 746 yangu. Na kama kuna flashi imechomekwa nyuma ya dikoda, itoe, kwa sababu inaweza kuwa ndiyo sda na diski ikawa sdb. Amri zinazofuata haziulizi mara mbili. Nimeona video za harusi zikiondoka hivyo.

Hatua ya 4: Gawanya na ufomati

Menyu ya dikoda ina kitufe cha kuandaa diski. Ikiwa mfumo wake ni wa miaka ya karibuni, kibonyeze, kitaandika chenyewe jedwali la GPT, yaani ramani ya sehemu za diski inayomudu diski kubwa. Ya Mwalimu ilikuwa na mfumo wa kale. Nilibonyeza, ikamaliza vizuri, ikarekodi vizuri, na ningeondoka nikiwa nimelipwa. Bahati nzuri niliandika df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski, kabla ya kufunga begi: terabaiti 2 kamili. Mfumo huo uliandika jedwali la MBR, ramani ya kizamani, ambalo nalo lina ukomo uleule wa biti 32. Zile 746 zilikuwa zimerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kama sehemu iliyopotea.

Dawa ni kufanya kwa mkono, kwa kuandika GPT na kufomati kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux:

opkg update
opkg install parted
umount /dev/sda1
parted -s /dev/sda mklabel gpt
parted -s /dev/sda mkpart primary ext4 1MiB 100%
mkfs.ext4 -m 0 -T largefile /dev/sda1

Usiache -m 0. Kwa kawaida ext4 humwekea msimamizi wa mfumo asilimia 5 ya nafasi, na kwenye terabaiti 3 hiyo ni gigabaiti 150 ambazo hakuna atakayezitumia. Ile largefile inafaa kwa sababu utaweka faili chache kubwa, si picha elfu hamsini.

Usitumie mfumo wa faili wa NTFS ati ndiyo Windows inasoma. Dikoda nyingi za zamani huisoma tu bila kuweza kuandika. FAT32 nayo inagoma faili ikifika gigabaiti 4, na mechi ya HD hufika hapo kabla ya dakika ya mwisho. Kompyuta itasoma kupitia mtandao, haina haja ya kuijua ext4.

Hatua ya 5: Ipe makao

Andika blkid, nakili UUID ya sda1, yaani namba ya utambulisho ya sehemu uliyofomati, kisha kwenye faili ya /etc/fstab ongeza mstari huu:

UUID=namba-yako /media/hdd ext4 defaults,noatime 0 0

Zima na uwashe, tengeneza folda ya movie ndani ya /media/hdd, halafu rudia df -h. Ukiona 2.7T, umefika.

Hatua ya 6: Mtandao

Kebo. Wi-Fi kwenye nyumba ya mawe yenye kuta tatu kati ya sebule na chumba ni kutafuta ugomvi. Tulipitisha kebo ya Cat5e juu ya dari kutoka kwenye ruta. Tundu la dikoda ya Mwalimu ni la megabiti 100, yaani kama megabaiti 11 kwa sekunde. Kutazama hakuna shida hata kidogo, lakini kunakili mechi ya gigabaiti 7 huchukua zaidi ya dakika kumi. Usimlaumu mtu.

Kwenye ruta, itengee dikoda anwani isiyobadilika, sema 192.168.1.50. Kisha weka neno la siri kwa amri ya passwd, maana dikoda nyingi za aina hii huja bila lolote. Na usiifungulie njia ya kutoka nje kwenye intaneti.

Washa Samba, programu inayozifungulia kompyuta nyingine faili za dikoda, kwenye menyu ya mtandao. Laptopu ya Windows ikikataa kuiona, huenda dikoda inazungumza SMB1 tu, lugha ya kale ya Samba, ambayo Windows 10 ilianza kuiondoa tangu toleo la 1709 la mwaka 2017. Mtandaoni utaambiwa uirudishe. Mimi siirudishi: ndiyo iliyokuwa mlango wa WannaCry, virusi vilivyofunga faili za watu na kudai fidia, Mei 2017. Weka mfumo mpya kwenye dikoda, au tumia NFS au FTP, njia nyingine za kupitishia faili mtandaoni. Chumbani na kwenye simu ya mama niliweka VLC, programu ya kutazama video, ambayo hufungua njia zote tatu. Faili za kutazama ni zile zinazoishia na .ts, zile ndogo ndogo zilizo kando yake usiziguse.

Hatua ya 7: Stima na joto

Ext4 hustahimili stima ikipotea ghafla, lakini si kila siku. UPS ndogo inayobeba dikoda na ruta kwa dakika kumi inatosha kuzima kwa utaratibu.

Joto ndilo lililonirudisha Mamboleo. Wiki ya pili Mwalimu alipiga simu: dikoda inajizima saa nane mchana. Nilipoingia sebuleni sikuhitaji bisibisi. Mama alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha kufuma, kizuri sana, chenye maua ya zambarau, kimeziba matundu yote ya juu. Nilimweleza kwa heshima zote. Kitambaa sasa kiko chini ya dikoda.