Kabla ya kubishana juu ya Mazembe, panga vizibo

Ninanyoa watu hapa Kamalondo, Lubumbashi, si mbali na uwanja wa ekipe yetu ya mpira, TP Mazembe. Siku ya mechi kiti kinabaki wazi na watu wanabishana mpaka giza. Kelele tupu zinaniuma, maana ekipe hii inastahili kuongelewa vizuri. Kwangu tunafanya hivi.

Chukua vizibo kumi na kimoja vya chupa. Golikipa mweke juu ya meza, upande wako, halafu anayelalamika apange kikosi anachokitaka yeye. Jumapili moja yaya mmoja, yaani kaka mkubwa, mkali kweli, alipanga washambuliaji watano na viungo watatu. Alipofika kwa mabeki alibaki na vizibo viwili mkononi. Akavitazama. Kisha akamvuta mshambuliaji mmoja nyuma kwa kidole, polepole, na hakuna aliyemcheka.

Anayeleta mambo ya zamani ataje mwaka na mpinzani. Wengi bado wanasema mshambuliaji wetu Trésor Mputu ndiye aliyetufikisha fainali ya klabu za dunia kule Abu Dhabi, 2010. Hapana jamani! Mputu alikuwa amefungiwa na FIFA, hakuwepo. Internacional ya Brazili tuliipiga 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, golikipa wetu Kidiaba akarukaruka kwa makalio, halafu Inter Milan wakatufunga 3-0. Ukitaka kumsifu Mputu, na anastahili sana, msifu kwa 2009, tulipobeba Ligi ya Mabingwa Afrika.

Mimi nasema kikosi cha 2015 kinakizidi cha 2010. Watakutajia zile 5-0 tulizowapiga Espérance ya Tunisia hapa nyumbani, fainali ya Afrika ya 2010, na ni kweli, ulikuwa utamu. Lakini angalia mechi za ugenini za fainali hizo za Afrika: 2009 tulifungwa 2-1 Owerri, Nigeria, 2010 tukatoka sare 1-1 Tunisia, 2015 tukaenda kuwafunga USM Alger kwao Algeria 2-1 kabla ya kuwamaliza hapa 2-0. Kushinda fainali kwa watu, hicho ndicho kipimo changu.

Kuhusu vijana, kuwa na subira. Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam 2011, kombe la klabu za Afrika akalibeba 2015. Miaka minne! Usimhukumu mtoto kwa mechi tatu. Mtazame asipokuwa na mpira: anarudi kusaidia, au anasimama mikono kiunoni? Redio haitakuonyesha hilo, nenda uwanjani.

Mzee wa Lupopo, wapinzani wetu wa mji huu huu, akiingia, mpe kiti kwanza, umwamkie. Makombe yetu anayajua, usimtajie. Muulize habari ya ekipe yake na umpe vizibo. Jirani yangu mmoja wa Lupopo huanza na mabeki, golikipa humweka mwisho kabisa, na mimi nazima mashine ya kunyolea nimsikilize.